Mauti Daftarini: Rejista ya Vifo na Safari ya Kuutafuta Ukoo

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzoeana na kifo mapema. Hukutana nacho katika tanzia na katika tenzi. Husoma jinsi Fumo Liyongo alivyouawa, ilhali wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa kuhusu wakati alioishi. Huambiwa kwamba Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi mnamo 1858 naye akiwa mgonjwa, na kwamba Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi la "Amina". Katika kazi hizo kifo kina sauti, kina mliwa na mlizi. Yapo, hata hivyo, maandishi mengine ya kifo ambayo hatufundishwi kuyasoma, nayo hayana vina wala mizani. Ni rejista ya serikali: mstari mmoja, nguzo kadhaa, jina, jinsia, umri, kazi, makazi, tarehe na mahali pa kifo, sababu, jina la aliyetoa taarifa, sahihi ya msajili. Kisha mstari unaofuata, marehemu mwingine.

Makala haya yanahusu mistari hiyo na jinsi mtu anayeutafuta ukoo wake anavyoweza kuitumia. Rai yangu ni kwamba rejista ya vifo ni shahidi anayesema kwa kinywa cha mwingine, tena katika lugha isiyokuwa ya mfiwa, na kwamba kazi ya kumhoji shahidi wa namna hiyo inamfaa aliyesomea lugha kuliko anavyodhani. Nitaitetea rai hiyo kwa vifo vitatu vya ukoo wetu, viwili visivyoandikwa na kimoja kilichoandikwa. Majina sitayataja, kwa heshima ya walio hai.

Desturi ya kuandika kifo si ngeni nchini. Pale Gedi, karibu na Malindi, lipo kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Aliyelichora alitaka apitaye ajue mwaka. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuandika vifo ilikuwa na haja nyingine. Sheria ya kwanza ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1904 na iliwalenga Wazungu na Wamarekani. Waasia wakaingizwa miaka miwili baadaye. Mwaka 1928 ilikuja sheria ambayo ndiyo msingi wa Sura ya 149 tunayoitumia hadi leo, lakini ulazima wa kusajili kifo cha Mwafrika ulipanuliwa polepole, eneo baada ya eneo, na haukuenea nchi nzima hadi 1971. Mkenya anayemtafuta babu aliyefariki kijijini mwaka 1935 anaweza basi kupekua madaftari mpaka macho yamwume asipate kitu, na asidhani kwamba ukurasa umepotea. Ukurasa haukuandikwa.

Linganisha hayo na kipande. Sheria ya kumsajili mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka kumi na sita ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1920, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na ikadumu hadi 1947. Mtu huyo aliandikwa jina, kabila, chifu wake na mwajiri wake. Alama za vidole zikachukuliwa. Serikali ilimjua kwa kidole zaidi ya nusu karne kabla ya kutaka kujua, nchini kote, siku aliyozikwa. Iliyemhitaji ilimwandika, na haja ilipokwisha kalamu ilifunikwa. Mtafiti wa ukoo anapaswa kulielewa jambo hili mwanzoni, maana litamwokoa kutafuta mahali pasipo na kitu, na litamfunza kuuliza swali linalofaa kwa kila daftari: daftari hili liliwekwa kwa ajili ya nani?

Kifo cha kwanza ni cha baba yake babu. Mwaka 1917, wakati serikali ilipokusanya wapagazi kwa wingi, alichukuliwa kutoka Murang'a kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Babu alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kuondoka. Hakurudi. Jeshi hilo la wapagazi limeacha jina lake sokoni, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na mtu akipita Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi ataona sanamu za shaba za kuwakumbuka, zenye maandishi ya Kiswahili pia. Majina hayapo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wanaofikia 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au huenda hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tazama upana wa makadirio hayo. Tofauti kati ya idadi ya chini na ya juu ni watu 234,000, na mmoja katika tofauti hiyo huenda ni wetu.

Kifo cha pili ni cha mtoto. Nyanya yangu alimzika bintiye mdogo mwaka 1955 katika kijiji cha Hali ya Hatari, mojawapo ya vijiji zaidi ya 800 ambamo zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishiwa kwa nguvu kuanzia 1954. Wanahistoria wamebishana vikali kuhusu idadi ya waliokufa katika miaka hiyo. Caroline Elkins, katika kitabu chake cha 2005, alitaja makumi ya maelfu na hata mamia ya maelfu ya watu wasiojulikana walikokwenda. John Blacker, mtaalamu wa takwimu za idadi ya watu, alijibu mwaka 2007 kwamba vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida vilikuwa kama 50,000, na kwamba karibu nusu ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka kumi. Ubishi huo usingekuwapo lau kijiji kingekuwa na daftari. Badala yake watafiti wamelazimika kukisia kutoka kwenye sensa za baadaye, kwa kuhesabu wasiokuwapo. Aidha ipo kejeli ambayo mwandishi wa tamthilia angeionea wivu: David Anderson, katika kitabu chake cha 2005, aliweza kuhesabu kwa hakika watu 1,090 walionyongwa kwa amri ya mahakama, maana kila mmoja ana faili lake. Aliyenyongwa anaweza kupatikana na ukoo wake hata leo. Aliyekufa kwa njaa nje ya hema la askari hapatikani.

Kuhusu vifo hivyo viwili sina zaidi ya yale aliyoyasema nyanya kabla ya kuaga dunia mwaka 2011. Cha tatu ndicho kilichonifikisha kwenye rejista.

Babu alifariki, lakini lini? Jambo hili lilikuwa fumbo nyumbani kwetu. Shangazi mkubwa alisema ni wakati watoto walipokuwa wakinywa maziwa ya Nyayo shuleni, jambo linalotupa mwanzo tu, 1979, kwa kuwa maziwa hayo yalinywewa miaka mingi. Ami mmoja alishikilia kwamba ni baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Watu wetu huhifadhi wakati kwa matukio na si kwa tarakimu. Hata marika yetu ya tohara yalipewa majina ya njaa na maradhi na mambo mapya yaliyozuka mwaka ule. Hifadhi hiyo ni nzuri na imetufaa, ila matukio mawili yakikaribiana huanza kuvutana.

Wala huu haukuwa ubishi wa kupitisha jioni. Babu aliacha ekari nne Murang'a zilizosajiliwa kwa jina lake wakati wa kuunganisha mashamba, na hadi juzi ziliendelea kuwa kwa jina hilo, kana kwamba marehemu bado analima. Ili zigawanywe ni lazima mahakama itoe idhini ya kusimamia mirathi, na mahakama huanza kwa kudai cheti cha kifo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilipitishwa mwaka 1972 lakini ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Aliyefariki baada ya siku hiyo mali yake hugawanywa kwa mujibu wa Sheria hiyo, na ikiwa alikuwa na wake zaidi ya mmoja, hesabu hufuata idadi ya watoto katika kila nyumba. Aliyefariki kabla ya siku hiyo mali yake hufuata sheria na mila za wakati ule, na mila ya Wakikuyu, kama ilivyorekodiwa katika kitabu cha Eugene Cotran kuhusu urithi cha 1969, huzipa nyumba mafungu sawa, ziwe na watoto wengi au mmoja. Kwa mke mmoja tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Na sisi tulijua kwamba babu alikuwa na mke mmoja.

Ofisi ya usajili ya Murang'a haikuwa na mstari wake. Sheria huagiza kifo kisajiliwe pale kilipotokea, na hiki ndicho kitu cha kwanza ninachowaambia wenzangu wanaoanza kutafuta: usiulize marehemu alizikwa wapi, uliza alifia wapi. Nyumbani ilisemwa siku zote kwamba babu "alifia kazini" huko Bonde la Ufa, alikokuwa dereva wa trekta. Tukauliza Nakuru. Baada ya wiki kadhaa na ada ndogo mstari ukapatikana. Alifariki mwezi wa Novemba 1980.

Basi ubishi wa mwaka ukaisha hapo, na kama ningekuwa mtu wa takwimu huenda ningefunga daftari. Lakini mstari ulikuwa na nguzo nyingine, nami nimefundishwa kwamba matini husomwa yote.

Umri: miaka 70. Babu alikuwa na 63, kwa kuwa mwaka wa kuondoka baba yake unajulikana. Wanaochunguza idadi ya watu wanaifahamu tabia hii ya umri kukimbilia sifuri na tano. Mtoa taarifa husema "ni mzee", naye mwandishi huandika tarakimu iliyo mviringo. Umri katika rejista ya zamani ni sifa, mithili ya mvi. Sababu ya kifo: homa ya mapafu. Hakuna daktari aliyetajwa. Shangazi husema babu "alikamatwa na kifua", na bila shaka ndivyo alivyosema pia mtoa taarifa, kwa Kikuyu, mbele ya naibu wa chifu, ambaye alitafuta neno la Kiingereza lililo jirani na kifua. Katika tafsiri hiyo, maradhi yaliyoweza kuwa kifua kikuu, au moyo, au vumbi la miaka thelathini ya matrekta, yalipata jina moja la kitabibu ambalo sasa limekuwa ukweli wa kiserikali. Mtu anayefuatilia maradhi ya kurithi katika ukoo wake na ajihadhari sana na nguzo hii.

Kazi: mkulima. Mahali pa kifo: nyumbani, Njoro. Hapa nilisita. Dereva wa trekta katika shamba la mtu hulala katika nyumba za wafanyakazi, na mwajiriwa hafi "nyumbani". Mkulima aliyefia nyumbani Njoro ni mtu mwenye shamba Njoro.

Kisha mtoa taarifa: mwana wa marehemu. Na jina lake lilikuwa jina la ami yangu mkubwa, ambaye mwaka 1980 alikuwa mwalimu Murang'a na huapa kwamba hakupata kufika Njoro.

Msomaji anayetoka Mkoa wa Kati amekwisha kuelewa. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Ami mkubwa alipewa jina la yule mpagazi wa 1917. Lakini desturi hiyo hurudiwa katika kila nyumba: mke wa pili akijaliwa mwana, naye huitwa jina lile lile. Na hurudiwa na ndugu: kama babu alikuwa na kaka, mwana wa kwanza wa kaka huyo pia angekuwa na jina hilo. Tena mtoto wa ndugu yako, katika lugha yetu na katika Kiswahili cha heshima, ni mwanao. Anayesema "mwana" mbele ya naibu wa chifu hadanganyi, naye mwandishi hana nguzo ya kuandika "mwana kwa kaka". Neno moja lilikuwa limebeba watu wawili wanaowezekana, mmoja mrithi na mwingine mpwa asiye na fungu. Nimekaa katika madarasa mengi ya semantiki nikisikia kuhusu utata wa maana. Sikuwahi kuuona ukiwa na thamani ya ekari mbili.

Wazee walipoulizwa walinyamaza, kila mmoja kwa namna yake. Ami mkubwa alisema mstari huo ni wa mtu mwingine mwenye jina kama la babu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi: majina kwetu ni machache na huzunguka, na ndiyo sababu jina peke yake halimtambulishi mtu katika rejista yoyote ya Kikuyu. Rejista ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Kilichoamua ni daftari jingine, la mistari ya bluu, la kurasa thelathini na mbili. Kila matanga kwetu yana daftari la michango, ambamo karani wa kamati huandika nani ametoa nini, na shangazi mkubwa alikuwa karani wa matanga ya babu. Alilitoa kwenye sanduku la bati bila kusema neno, tena kwa sauti ya wepesi kidogo katika pumzi zake, kama mtu anayetua mzigo. Mwandiko ulikuwa wake wa ujanani. Kulikuwa na shilingi za jirani, debe la maharagwe la kanisa, sukari kutoka shuleni kwa ami. Na kwenye ukurasa wa sita, chini ya mstari mmoja ulionyooshwa kwa rula: "Nyumba ya Njoro, mbuzi 1, shilingi 200, gari la maiti."

Waliokodi gari na kumleta babu kwa mke wake wa kwanza azikwe kwao walikuwa ni mke wa pili na mwanawe. Walikula matanga pamoja nasi siku nne, wakarudi Njoro, na kwa miaka zaidi ya arubaini hawakutajwa tena. Shangazi alikuwa ameuandika mstari huo kwa wino, kisha akausitiri sandukuni. Sijamuuliza kwa nini aliutunza. Nadhani mtu asiyetaka jambo lijulikane huchoma karatasi.

Ninalitaja daftari la michango kwa kirefu kwa sababu mtafiti wa ukoo wa Kenya hatalipata kwenye orodha ya vyanzo katika mwongozo wowote ulioandikwa ng'ambo, wala halimo katika Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ambako mwingine huanza na kuishia. Vivyo hivyo rejista za ubatizo na maziko za makanisa, kadi za kliniki, barua za kuomba ruhusa kazini ili kuzika. Rejista ya serikali humtaja mtoa taarifa mmoja. Daftari la matanga humtaja kila aliyefika, na kwa mpangilio ambao jamii yenyewe iliutambua: nyumba hii, nyumba ile.

Mwana wa Njoro sasa ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Shamba lake aliliacha wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na tangu hapo amepanga chumba mjini Nakuru. Alipopigiwa simu hakuonyesha mshangao. Aliuliza tu kama nyanya bado yu hai. Alikuja Murang'a na nakala yake mwenyewe ya kibali cha maziko, imekunjwa mara nane, ikiwa na sahihi ile ile ya naibu wa chifu niliyoiona Nakuru.

Tarehe aliyoitoa yeye mwenyewe mwaka 1980, Novemba, kabla ya Julai 1981, ndiyo iliyoleta uzito wote baadaye. Kwa mila ya wakati ule nyumba yake ya mtu mmoja ni sawa na nyumba yetu ya watu saba. Baba yangu na ndugu zake walikaa vikao vitatu. Katika cha kwanza palitolewa hoja kwamba mtu aliyekaa kimya miaka arubaini ameacha haki yake. Katika cha pili shangazi alisimama na daftari lake. Cha tatu sikuruhusiwa kuingia, kwa kuwa kilikuwa cha wazee, na yaliyosemwa humo nimeyajua kwa matokeo tu: ekari mbili upande wa mto, ekari mbili upande wa barabara, na wa Njoro atachagua kwanza kwa kuwa ndiye aliyemlea babu katika ugonjwa.

Kabla ya kwenda mahakamani huhitajika barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote wa marehemu. Ya kwetu iliandikwa mwezi wa Machi. Ilipaswa kuwa na majina manane. Ilipotoka ilikuwa na saba, maana aliyeipiga chapa aliliona jina la yule mpagazi limeandikwa mara mbili, akadhani limerudiwa kwa bahati mbaya, akalifuta moja. Ikabidi iandikwe upya.